Pakiti Ndogo Si Rafiki wa Maskini

Ipo hoja ambayo wafanyabiashara, wachumi na hata baadhi ya viongozi wetu huitoa kila takataka za vifungashio zinapotajwa, na imerudiwa mara nyingi hata watu wameacha kuihoji. Inasema hivi: maskini hana fedha ya kununua kwa wingi, ana mia mbili au mia tano ya leo, ya kesho anaijua Mungu. Kwa hiyo kiwanda kinachomfungia sabuni ya unga, majani ya chai, chumvi au mafuta ya kula katika kipakiti cha bei hiyo kinamtendea hisani. Nailoni inayobaki njiani ni gharama ndogo ya huduma kubwa, na dawa yake ni kuwafundisha watu usafi na kutafuta mtu wa kuirejeleza. Anayependekeza kwamba wanakijiji wachange, wanunue dumu na gunia kwa pamoja, kisha kila mmoja aje kupimiwa katika chombo chake, huambiwa analeta anasa ya Ulaya, huko ambako wenye nacho hununua dengu kwa mitungi ya kioo ili dhamiri zao zitulie. Hoja hiyo ni mbovu tangu mzizi wake. Kununua kidogo hakujawahi kuhitaji pakiti ndogo. Kwa vizazi kadhaa tumenunua kidogo kwa kipimo, na pakiti ilipokuja haikuziba pengo lolote. Ilikiondoa kipimo ikakaa mahali pake.

Chukua mahali kama Kileo, katika tambarare za Wilaya ya Mwanga, chini ya safu za milima ya Upare. Huko, kama kwingine kote nchini, nafaka ilipimwa kwa kibaba, pishi na debe. Mafuta ya taa yalitoka kwenye pipa yakaingia kwenye chupa ambayo mtoto alitumwa nayo kutoka nyumbani. Mafuta ya kula yalichotwa kwa kikombe kutoka kwenye dumu, na sukari robo ilimwagwa kwenye mzani ikafungwa kwa gazeti. Aliyekuwa na senti za siku moja alipata mahitaji ya siku moja, na hakuacha nyuma kitu kisichooza. Hata leo desturi hiyo haijafa. Anayetaka soda ya chupa ya kioo hurudisha chupa tupu au huacha fedha ya dhamana, na kreti hurudi kiwandani Moshi kujazwa tena. Mtungi wa gesi hubadilishwa mtupu kwa uliojaa, wala hakuna mnunuzi anayeona ajabu. Dumu la lita 20 lililoletwa na mafuta ya kula huishi miaka mingi baadaye likichota maji. Akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji humjazia mteja chupa aliyokuja nayo. Watu hawa hawakufundishwa na mwanaharakati wa Berlin. Wanatumia akili ya kawaida ya nyumba isiyotupa chombo kizima.

Basi pakiti ilishindaje? Haikushinda kwa kuwa mnunuzi aliililia. Ilishinda kwa sababu bidhaa ya kupimwa haina jina: sukari ya gunia ni sukari tu, mafuta ya dumu ni mafuta tu. Kiwanda kinachotaka mteja alitaje jina lake dukani lazima kimfikishie jina hilo mkononi, na nailoni yenye rangi ndiyo inayolibeba. Mwenye duka naye alipumua, kwani pakiti haimwagiki, haihitaji mzani, na inaweza kuning'inizwa dirishani kama ukanda wa risasi. Baadaye wasomi walikuja kuupamba mpango huo kwa maneno ya huruma. Mwaka 2004 mtaalamu wa biashara C. K. Prahalad alichapisha kitabu kilichozishawishi kampuni kubwa kwamba kuna utajiri kwenye kitako cha piramidi ya kipato, na akatoa mfano wa India, ambako vipakiti vya matumizi ya mara moja viliifikisha shampuu kwa mamilioni ya watu. La ajabu ni kwamba miaka miwili kabla, yeye na mwenzake Allen Hammond walikuwa wameonyesha jinsi umaskini unavyotozwa faini: wakazi wa Dharavi, mtaa wa mabanda wa Mumbai, walilipia maji bei iliyokuwa mara 37 ya ile waliyolipa wakazi wa mtaa wa matajiri wa mji uleule, na mchele waliununua kwa bei ya juu zaidi. Mtu aliyeiona faini hiyo waziwazi alipaswa kuuliza kwa nini maskini asipewe bei ya jumla. Badala yake, jibu lililosambaa duniani likawa kumkatia vipande vidogo zaidi.

Watetezi wa pakiti watasema bei ya kipande kidogo si lazima iwe kubwa, na kwa haki yao nakubali kwamba si kila pakiti humnyonya mnunuzi. Shampuu ya India yenyewe imewahi kuuzwa kwa bei nafuu kwa mililita katika kipakiti kuliko katika chupa. Lakini huo ni uamuzi wa kampuni inayotafuta soko, nayo inaweza kuutengua siku yoyote. Kilicho cha kudumu ni hesabu ya umbo. Gawa mzigo mmoja katika pakiti nane zenye umbo na unene uleule wa nailoni, na utahitaji nailoni mara mbili ya ile iliyoufunga mzigo ukiwa mmoja. Kadiri unavyoendelea kukata ndivyo nailoni inavyozidi kwa kila kilo ya chakula, na pamoja nayo wino, gundi, mashine ya kufunga na boksi la kusafirishia. Mtu fulani lazima alipie vitu hivyo. Msomaji anayedhani si yeye achukue kalamu dukani, agawe bei ya kipakiti kwa gramu zilizoandikwa juu yake, kisha afanye vivyo hivyo kwa gunia. Hesabu hiyo haihitaji shahada.

Tuseme hata hivyo kwamba bei ni sawa. Bado linabaki swali la nani anabaki na taka. Gari la taka ni huduma ya mjini. Kijijini kifungashio huishia shimoni, motoni au mtaroni. Kinachochomwa hutoa moshi wenye sumu katika ua uleule ambamo chakula kinapikwa. Kinachobaki huliwa na mbuzi na ng'ombe, na mfugaji wa Kipare au Kimaasai hahitaji daktari wa mifugo kumweleza nailoni hufanya nini tumboni mwa mnyama. Kinachosombwa na mvua hushuka. Mto Ruvu, utokao Ziwa Jipe, hukutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yao huendelea kwa jina la Pangani hadi Bahari ya Hindi. Ndilo bwawa linalowapa watu samaki, na ndilo chanzo cha mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe uliozinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka mingi. Nchi iliyotumia fedha nyingi kuvuta maji ya bwawa hilo hadi mabombani haiwezi kuona takataka zinazoteremkia humo kuwa jambo dogo.

Hapo ndipo tunapoambiwa habari ya urejelezaji. Ni kazi njema, na wanaookota chupa za maji wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Lakini chupa huokotwa kwa sababu ina mnunuzi. Kipakiti cha sabuni au cha maziwa ya unga mara nyingi ni tabaka mbili au tatu zilizogandishwa pamoja, plastiki ya aina tofauti na wakati mwingine karatasi ya alumini, na kuzitenganisha kunagharimu kuliko thamani yake. Hata kwa plastiki iliyo rahisi, rekodi ya dunia inakatisha tamaa. Utafiti wa Roland Geyer na wenzake, uliochapishwa 2017, ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa hadi 2015, tani kama bilioni 6.3, ni asilimia 9 tu iliyorejelezwa. Asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 ilibaki madamponi au katika mazingira. Ikiwa mataifa yenye viwanda, magari na fedha yameishia hapo, kumwambia mkazi wa Kileo asubiri urejelezaji ni kumwambia asubiri milele. Na kumhubiria usafi wakati hana pa kupeleka taka ni kumlaumu kwa kosa lililofungwa kiwandani.

Wengine hujibu kwamba serikali imekwisha kulimaliza jambo hili. Ni kweli kwamba tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania Bara, baada ya Zanzibar kutangulia 2006, Rwanda 2008 na Kenya 2017. Marufuku ile ilifanikiwa kuliko wengi walivyotabiri, na ilithibitisha jambo muhimu: Watanzania walirudi kwenye vikapu na mifuko ya kudumu katika muda wa wiki chache, bila njaa wala ghasia. Lakini kanuni zile ziliacha nje vifungashio vya bidhaa za viwandani, vya vyakula vilivyosindikwa, vya kilimo na vya tiba. Kwa baadhi yake sababu ipo. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mwananchi aliyekutwa na mfuko mmoja aliwekewa faini isiyopungua shilingi 30,000, na vipakiti vinavyotoka kiwandani kwa malori havikuguswa. Upenyo huo ulitumika mara moja: vifuko vyembamba vya kufungashia viligeuzwa mifuko ya kubebea, na serikali ikalazimika kurudi kupambana navyo 2021. Katazo huondoa kitu kimoja na huacha haja iliyokileta. Haja ya kununua kidogo itaendelea kuwapo. Inahitaji njia nyingine, na njia hiyo tunayo.

Njia yenyewe ni hii. Tuseme kaya 20 za jirani hutumia kila moja lita tatu za mafuta na kilo tano za sukari kwa mwezi. Kwa pamoja ni madumu matatu ya lita 20 na magunia mawili ya kilo 50: vifungashio vitano, na kila kimoja kina kazi ya pili nyumbani. Mahitaji hayohayo yakinunuliwa robo lita na robo kilo kila mara ni vifungashio 640, na hakuna hata kimoja chenye kazi ya pili. Kikundi hununua kwa bei ya jumla Moshi au Mwanga. Sukari yenyewe huzalishwa na TPC pale Arusha Chini, si mbali na hapo. Kisha mwanachama hupimiwa kadiri ya fedha aliyonayo siku hiyo, hata kama ni ya robo. Hapa ndipo wapinzani wanapokosea zaidi: wanadhani kununua kwa jumla kunamtaka kila mtu awe na fedha ya gunia. Fedha ya gunia ni ya kikundi. Ya robo ni ya mtu. Na mtaji wa kikundi si ndoto. Vikoba vimeenea vijijini, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitambua vikundi vya kijamii katika daraja la nne, visajiliwe kupitia halmashauri. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilirejeshwa 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Kikundi kinachokopa kununulia mafuta na sukari, bidhaa zinazouzika kila siku, kina uhakika wa kurejesha kuliko vingi vinavyokopa kufugia kuku.

Kuhusu madai kwamba watu wetu hawawezi kugawana kwa haki, milima ya Upare yenyewe ni ushahidi wa kinyume. Ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku na kuyafungulia mfereji asubuhi, zimeendeshwa huko tangu kabla ya ukoloni. Maji ya ndiva hugawanywa kwa zamu, yuko anayesimamia mlango, wote hutoka kwenye msaragambo kuondoa tope, na anayekwepa hutozwa. Manoo, katika bonde la Makanya wilayani Same, ni moja ya zilizochunguzwa sana na wataalamu wa maji. Jamii inayoweza kugawana maji ya kiangazi, kitu chenye ugomvi kuliko vyote, haitashindwa na dumu la mafuta. Wala wazo hili si la matajiri kwingine duniani. Waliofungua duka la ushirika Rochdale, Uingereza, Desemba 1844 walikuwa watu 28, wakiwamo wafumaji wa kipato duni, na walianza kwa unga, siagi, sukari na mishumaa, kwa kuchoshwa na vyakula vilivyochakachuliwa. Santiago, mji mkuu wa Chile, kampuni ya Algramo iliyoanza miaka ya mwanzo ya 2010 ilijenga biashara yake kwa kuuza kwa gramu, katika vyombo vinavyorudishwa, kupitia maduka madogo ya mitaa ya walalahoi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kumbukumbu. Wazee wakisikia duka la pamoja hukumbuka Operesheni Maduka ya 1976, maduka ya watu binafsi vijijini yalipofungwa na nafasi yake kushikwa na maduka ya vijiji, kisha miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kumbukumbu hiyo ni ya haki na haifai kudharauliwa. Ila tuipime sawasawa. Duka lile liliamriwa kutoka juu. Lilitegemea mgao wa kampuni za biashara za mikoa. Liliwekwa wakati nchi ikiishiwa fedha za kigeni, na mwanakijiji hakuwa na mahali pengine pa kwenda likishindwa. Kikundi ninachokizungumzia kina hiari ya kuanza na hiari ya kuvunjika. Kinanunua katika soko huria lililofunguliwa tangu katikati ya miaka ya 1980, kwa fedha za wanachama, na akiba ikiliwa mwizi anajulikana kwa jina. Kilichoanguka miaka ile ni ukiritimba. Kuukataa ushirika kwa sababu ya ukiritimba ni kumwadhibu asiyehusika.

Pingamizi jingine ni la usalama: pakiti iliyofungwa humhakikishia mnunuzi uzito na ubora, kipimo humwacha mikononi mwa mwenye mzani. Hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana kipimo kinachotetewa hapa kina masharti. Mzani uwe wa kikundi, uhakikiwe na kupigwa alama na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na ukae mbele ya macho ya anayepimiwa. Mafuta yaliyoongezwa vitamini A hupoteza nguvu yakianikwa mwangani, basi dumu likae kivulini, lifungwe, litolewe mafuta kwa pampu. Chumvi yenye madini joto iwekwe pakavu na ifunikwe. Mahindi yasinunuliwe mengi kuliko yatakayoisha kabla ya unyevu kuyafikia. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 ni onyo kwa kila anayehifadhi nafaka. Dawa za binadamu zibaki katika vifungashio vyake, na chombo kilichowahi kubeba dawa ya kuulia wadudu kisikaribie kamwe chakula, jambo la kusisitizwa hasa kwenye mabonde ya umwagiliaji. Masharti haya si mazito kwa watu wanaoweka akiba na kukopeshana kwa daftari. Pakiti nayo si malaika: nailoni iliyofungwa vizuri imeshaficha bidhaa bandia na iliyokwisha muda mara nyingi, na mnunuzi hakuweza kuinusa wala kuionja kabla ya kulipa.

Yapo pia malalamiko kwamba mpango huu utamuua mwenye duka. Si lazima. Mwenye duka ana chumba, ana muda, ana uzoefu wa wateja. Kikundi kinaweza kumkabidhi dumu na mzani kwa kamisheni waliyokubaliana, naye akaendelea kuuza vibiriti na vocha. Atakayepungukiwa na mauzo ni mwenye pakiti, na yeye ana njia ya kujinusuru: auze sabuni yake katika madumu makubwa yanayorudishwa, kama kampuni za soda na bia zilivyofanya kwa chupa za kioo miaka mingi bila kufilisika. Wapo na wanaosema mzigo wote ubebwe na viwanda, mwananchi asisumbuliwe. Viwanda lazima viwajibike, na upenyo ulioachwa na kanuni za 2019 lazima uzibwe kwa vifungashio visivyorejelezeka. Lakini kiwanda hakitauza kwa dumu mahali ambapo hakuna anayenunua kwa dumu. Kikundi cha wanunuzi ndicho kinachomfanya mwenye kiwanda asikilize, na ndicho kitakachoipa sheria mahali pa kukanyaga ikija.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tuliuacha mzani na chupa ya nyumbani kwa kuvutiwa na nailoni yenye rangi, tukaambiwa ni maendeleo, na sasa tunaambiwa kuurudia mzani ni anasa. Halmashauri za Mwanga na Same zina mamlaka ya kusajili vikundi, zina mikopo ya asilimia 10, na jirani yao Moshi kipo Chuo Kikuu cha Ushirika kinachofundisha kazi hii hasa. Zianze na vikundi vichache, Kileo na kwingineko, kwa bidhaa tatu tu: mafuta, sukari na sabuni. Vikundi vipewe mzani uliohakikiwa, mafunzo ya daftari na soko la jumla. Na wewe msomaji, kabla hujakubali tena kwamba pakiti ndogo ni hisani kwa maskini, igawe bei yake kwa gramu, kisha uliza nani atakayeiokota.